Tunamucheka Claude Verneuil, na papa wa kwetu je?

Ndugu zangu, siku ya Bonane tuliangalia filamu Qu'est-ce qu'on a fait au Bon Dieu? nyumbani, familia nzima, kwenye laptop ya yaya. Papa alicheka mpaka machozi. Kila Claude Verneuil alipofungua kinywa, papa alimpiga mjomba begani: "Angalia ule muzungu, hataki bakwe!"

Miezi mitatu baadaye yaya akaleta mchumba. Kijana ana diploma, ana kazi, anasali. Papa aliuliza swali moja tu: "Ni mutu wa wapi?" Akajibiwa. Akanyamaza. Kisha akasema: "Sina shida na ye. Lakini batu ya kwabo, hapana." Sitataja kabila. Nyinyi kila mmoja anaijua ile ya kwao.

Tangu siku ile nimeirudilia filamu mara mbili, na siichekei tena mahali palepale.

Kwa wale ambao hawajaiona: ni filamu ya Philippe de Chauveron, ilitoka Ufaransa mwaka 2014, na watu zaidi ya milioni 12 waliingia kuiangalia kule. Claude (Christian Clavier) ni noteri katika mji mdogo wa Chinon, Mkatoliki, mtu wa de Gaulle. Binti zake watatu wameolewa na Rachid, Mwarabu Mwislamu, na David, Myahudi, na Chao, Mchina. Kila wanapokaa mezani ni vita. Tumaini limebaki kwa Laure, wa mwisho. Laure anawaambia wazazi kwamba mchumba wake ni Mkatoliki, anaitwa Charles. Furaha kubwa! Basi Charles anaonekana: Charles Koffi, Mweusi wa Côte d'Ivoire. Uso wa mama, Marie (Chantal Lauby), dakika ile unatosha kulipia tikiti.

Ila mimi naona filamu inaanza kweli anapoingia papa ya Charles. André Koffi ni mwanajeshi wa zamani, na anayemchezesha ni Pascal Nzonzi, mwenye asili ya Kongo. Nasema bila upendeleo (haya, upendeleo kidogo): anawazidi wote. Anakaa mezani kama yuko kwenye gwaride. Hataki muzungu katika familia yake, na anakumbusha ukoloni kila anapopata nafasi. Ukumbi unacheka, juu tunamjua huyu mzee. Yuko kwenye kila kikao cha ndoa hapa kwetu, na ndiye anayeombwa kusema wa kwanza.

Hapa ndipo nina shida na mwandishi wa filamu. Anaweka wazee wawili kwenye mizani moja: huyu hapendi Weusi, yule hapendi Wazungu, basi wako sawa, tucheke. Hawako sawa. Hasira ya André ina historia na tarehe. Mtu wa umri wake amezaliwa chini ya koloni, na sisi wa nchi hii hatuhitaji mtu atueleze maana yake. Hofu ya Claude inatoka wapi? Majirani watasema nini, picha ya familia itakuwaje. Filamu inajua tofauti hiyo, maana inampa André maneno makali kuliko wote, kisha inamwekea glasi mkononi ili tusahau.

Na ile glasi ndiyo sehemu bora ya filamu. Wazee wawili wanaenda kuvua samaki. Hawapendani. Wakiwa pale wanagundua kwamba wote hawataki ndoa hii, na wote ni watu wa de Gaulle! Wanakunywa, wanalewa, wanaishia kwa jandarme kama vijana wa mwaka wa kwanza. Angalieni vizuri kilichowaunganisha: kukataa. Bakwe watatu nao ni vilevile. Waliokuwa wakitukanana mezani wanafanya kazi pamoja vizuri kabisa siku wanayoanza kumfuatilia Charles ili wapate cha kumharibia. Kila mara watu wanapatana kwa kumkataa mwingine. De Chauveron amelishika jambo hilo mkononi, akaliachilia haraka juu harusi inangoja.

Wakati huo Laure amechoka, amepanda treni ya Paris. Nani anamrudisha? Baba wawili. Charles, mchumba wake, katika saa hiyo ni kama hayuko. Ndoa ni ya watoto, lakini wazee ndio waliogombana na wazee ndio wanaopatana, na binti anapewa taarifa ndani ya treni. Nilipoiangalia mara ya pili yaya alikuwa karibu. Akasema: "Ona, hata pale banamurudisha sawa kifurushi." Sikuwa na jibu.

Mama Madeleine Koffi pia angestahili zaidi. Yeye na Marie wanaelewana kabla ya waume wao, bila pombe, bila de Gaulle. Dakika chache tu wamepewa. Mimi ningelipa kuona filamu ya wale wamama wawili.

Kitu kingine kilichonishangaza: harusi nzima, na hakuna mtu anayekaa chini kujadili dote. Kweli, Côte d'Ivoire ilifuta dote kwa sheria mwaka 1964, ingawa desturi haikufa kwa sababu ya karatasi. Kwetu Kanuni ya familia ya 1987, hata baada ya kurekebishwa 2016, bado inaidai. Filamu hii ikitengenezwa Lubumbashi ao Bukavu, André na Claude wangekutana kwanza mbele ya orodha: mbuzi, suti ya papa, liputa ya mama, bidoni ya mafuta. Na mzee asiyetaka kabila la kijana hana haja ya kusema hapana. Anapandisha bei tu. Ndiyo ubaguzi wenye adabu, na hakuna filamu ya kuchekesha ninayoijua iliyouonyesha vizuri.

Zimefuata sehemu ya pili 2019 na ya tatu 2022. Zimepoa. Ya kwanza iangalieni, tena pamoja na wazazi, msiangalie skrini peke yake, angalieni nani anacheka wapi.

Nilimwambia yaya tuirudishe Pasaka, papa akiwa na mchumba sebuleni. Akakataa. "Atacheka tena," akasema. "Na kisha?"