Matuta Hayakujichimba

Kilima ambacho watu wa rika langu tumekitazama kuliko kingine chochote hakiko Kenya. Kama uliwahi kukaa saiba ukingoja kompyuta iwake, ama kwenye chumba cha kompyuta cha sekondari ambapo mnang'ang'ania kipanya kimoja watu watatu, unakijua. Nyasi kijani, mbingu ya bluu, mawingu machache. Hakuna mtu, hakuna ng'ombe, hakuna hata kigingi cha ua. Ni ile picha iliyokuja na Windows XP mwaka 2001. Wengi wetu tulidhani imechorwa. Haikuchorwa. Charles O'Rear aliipiga Januari 1996 akiwa kando ya barabara, katika kaunti ya Sonoma, California. Alikuwa anapita na gari, akaupenda mwangaza, akasimama, akapiga, akaendelea na safari yake.

Kile picha haisemi ni kwamba pale palikuwa shamba la mizabibu. Wadudu walikuwa wameshambulia mizizi, mizabibu ikang'olewa, nyasi zikaota. Baadaye mizabibu ilipandwa tena. Kwa hivyo kile tulichokichukulia kuwa kilima safi, kama kilivyoumbwa, kilikuwa shamba la mtu lililokuwa limepumzishwa baada ya hasara. Miaka kadhaa kabla ama miaka michache baadaye, O'Rear angepata mistari ya mimea na pengine mtu ameinama kati yake, na nadhani hiyo picha haingefika kwenye kompyuta yoyote.

Ninaianza hapo kwa sababu naona bado tunapiga picha hiyo hiyo. Fungua simu yako Jumatatu baada ya wikendi ndefu. Vilima vya Ngong, Iveti, Kilungu, Mua. Droni imepaa saa kumi na mbili unusu asubuhi, ukungu uko bondeni, kijani kimeongezwa mpaka kinaumiza macho. Kama kuna binadamu, ni mmoja, ametupa mgongo, amevaa kofia, anatazama mbali. Nyumba za mabati zimekatwa nje ya fremu, nyaya za stima zimefutwa na programu, barabara ya vumbi iliyomfikisha pale haipo. Halafu chini ameandika kitu kuhusu amani. Nimeona hizo picha nyingi kiasi kwamba naweza kukuambia mpiga picha alisimama wapi na ni nini kiko mgongoni pake. Mara nyingi ni duka, na mwenye duka anashangaa.

Mimi ni wa upande wa Iveti, vile vilima vinavyousimamia mji wa Machakos. Niliacha chuo mwaka wa tatu karo ilipogoma kuonekana, nikarudi nyumbani, na tangu hapo nakula kwa kuandika. Kutembea ni bure, na simu ina kamera, kwa hivyo barabara za ndani nazijua vizuri: ile inayopita kwa kisima, ile ambayo mvua ya Novemba huigeuza mto, ile ambayo bodaboda hukwambia ushuke utembee kidogo. Sitaki kujifanya kwamba naandika kutoka juu. Naandika kama mtu ambaye anapotazama hizo picha za mtandaoni anajua zimeacha nini.

Mwaka juzi wauza ploti fulani walinipa kazi ya kuandika maneno ya tangazo. Walinitumia picha. Ilikuwa mteremko ninaoujua, na kwenye picha ulikuwa umelala wazi kama shuka. Niliuliza mbona zile nyumba mbili za upande wa kushoto hazionekani. Nikajibiwa kwamba mnunuzi anataka kuona nafasi. Hapo ndipo nilielewa kwa nini hizi picha tupu zinanisumbua zaidi ya suala la ladha. Mwenye wikendi na mwenye tangazo wanatumia fremu moja. Mmoja anatafuta utulivu, mwingine anatafuta mteja, lakini wote wawili wanasema pale hakuna mtu. Na ukishaamini hakuna mtu, kila kitu kinachofuata ni rahisi: ploti, machimbo ya mawe, ua wa stima.

Ukambani tuna sababu ya kuogopa kamera inayotazama kilima kwa njia hiyo. Mwaka 1937 vilima vya Machakos vilipigwa picha na watu wa serikali ya kikoloni waliokuwa wanachunguza mmomonyoko wa udongo. Udongo ulikuwa umechanika kweli. Makorongo yalikuwepo, miteremko ilikuwa imebaki mitupu. Hakuna haja ya kubisha hilo. Cha kubishia ni maelezo yaliyoambatana na ushahidi wa aina hiyo. Ripoti za maafisa ziliwalaumu Wakamba na ng'ombe wao: mifugo imezidi, wenyeji hawajui kutunza ardhi. Kilichobaki nje ya fremu ni mpaka. Wakamba walikuwa wamefungiwa kwenye eneo waliloitengewa, huku ardhi nzuri ya jirani, zikiwemo sehemu za Mua, ikiwa mikononi mwa walowezi. Picha ya korongo haiwezi kukuonyesha ua ulio kilomita kadhaa kutoka hapo. Lazima mtu akuambie.

Mwaka 1938 serikali ikaanza kuwachukua ng'ombe kwa nguvu na kuwauza kwa bei ya kutupa, na kiwanda cha nyama cha Liebig kule Athi River kilikuwa kinahitaji ng'ombe. Muindi Mbingu akaongoza maelfu ya watu kwenda Nairobi kumtaka gavana awasikize. Walipiga kambi huko kwa wiki kadhaa. Yeye alikamatwa akahamishiwa Lamu, lakini mpango wa kunyang'anya mifugo kwa lazima uliachwa. Ukipita mtaa wa Muindi Mbingu pale City Market ukienda kununua maua ama samaki, huyo ndiye mwenye jina. Ubishi wake ulihusu ng'ombe, lakini pia ulihusu nani ana haki ya kueleza kile kilima kinaonyesha.

Zaidi ya miaka 50 baadaye, watafiti walirudi na zile picha za 1937, wakatafuta mahali palepale, wakapiga tena. Matokeo yako kwenye kitabu cha Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, More People, Less Erosion, kilichotoka 1994. Watu wa eneo hilo walikuwa wameongezeka kutoka takriban 240,000 mwanzoni mwa miaka ya 1930 hadi milioni 1.4 hivi mwaka 1989. Kwa hesabu ya maafisa wa zamani, pale pangekuwa jangwa. Badala yake picha mpya zilionyesha miti mingi zaidi, na miteremko iliyokatwa ngazi kwa ngazi, tuta juu ya tuta. Wasomi wengine wamebishana na hicho kitabu, wakiuliza nani hasa alifaidi na nani aliachwa nyuma, na huo ni ubishi wa haki. Lakini kama kazi ya picha, sijui seti nyingine ya vilima vya kwetu iliyowahi kusema jambo zito kama hilo. Na hakuna hata moja ambayo ungeiweka kwenye kioo cha simu yako.

Ubora wake unatoka wapi? Kwanza, kuna mahali pa kusimama palipojulikana. Mtu aliweza kurudi. Pili, kuna tarehe. Tatu, kuna kazi ndani ya fremu. Kama ulisoma somo la kilimo sekondari, uliandika fanya juu kwenye mtihani kisha ukasahau. Hilo jina linatumika hivyo hivyo, kwa Kiswahili, kwenye vitabu vya udongo vya Kiingereza. Unachimba mtaro wa kama sentimita 60 kwenda chini kufuata usawa wa mteremko, na udongo unautupa upande wa juu, kinyume na vile mkono unavyotaka. Juu ya ukingo unapanda nyasi, mara nyingi nepia, ng'ombe nao wapate chakula. Mvua ikinyesha, udongo unaoshuka unanaswa nyuma ya ukingo. Baada ya miaka, mteremko unakuwa ngazi. Wakoloni waliwalazimisha watu kuchimba matuta, na watu waliyachukia. Kilichoyafanya yasambae baadaye ni watu wenyewe, na vikundi vya mwethya ambavyo wengi wao walikuwa wanawake, kwa sababu wanaume walikuwa Nairobi wakitafuta pesa. Kile watalii wanaita mandhari ya Machakos ni jasho la kina nyanya zetu.

Sasa tazama vile kamera inaweza kulifuta hilo jasho bila hata programu. Droni ikitazama chini moja kwa moja, mteremko unapotea. Matuta yanakuwa michoro mizuri ya kitambaa na hakuna anayeweza kujua kupanda pale ni kuhema. Saa sita mchana jua likiwa utosini, vivuli vinaisha na kilima kinakuwa bapa. Mwangaza wa chini wa asubuhi ama jioni ndio unaotoa kila ukingo na kivuli chake, na wapiga picha wetu wana bahati kwamba saa wanayoipenda kwa sababu ya urembo ndiyo pia saa ya ukweli. Shida ni wanapoelekeza lenzi. Wanaifuata ile sehemu ya juu yenye msitu wa serikali, wakiacha mashamba ya katikati.

Kuna somo lingine liko karibu kabisa, pale Kyamwilu, upande wa kilima cha Kituluni. Watu hutoka Nairobi kuja kumwaga maji barabarani na kuyarekodi yakipanda mlima. Maji yanashuka, kama maji mengine yote. Ni macho yanayodanganywa na vile ardhi ya pembeni imekaa, na hakuna upeo ulionyooka wa kulinganisha. Video hizo zinapendwa sana. Kwangu, kila picha ya kilima isiyo na barabara, nyumba wala mtu ni Kyamwilu nyingine: umeondoa kila kitu ambacho kingenisaidia kupima, kisha unaniambia nishangae.

Najua jibu litakalokuja. Watu wamechoka. Umeamka saa kumi usiku Jumatatu hadi Ijumaa, umebanwa kwenye matatu, na Jumamosi unataka kuona kitu kimoja kisichokudai chochote. Sawa. Sitamnyima mtu hiyo pumzi, na mimi mwenyewe huitafuta. Kuna pia hoja ngumu zaidi: kuwaweka watu kwenye picha si heshima moja kwa moja. Mama aliyebeba kuni amepigwa picha za kutosha na wageni waliomgeuza pambo la umaskini. Kumwingiza kwenye fremu bila kumuuliza ni kuhama kutoka kosa moja hadi lingine.

Ndio maana nauliza, na majibu yamenifunza kutazama. Nilimpata mama mmoja akifukua mtaro uliojaa mchanga baada ya mvua.

"Shikamoo mama. Naweza kupiga picha hapa?"

"Marahaba. Unapiga mimi ama unapiga shamba?"

"Shamba, na wewe ukiwa ndani, kama si vibaya."

"Basi ngoja kwanza nimalize huu upande. Ukipiga sasa watasema hatuchimbi."

Nilingoja. Hakuuliza kama amependeza. Alijali picha itasema nini kuhusu kazi, na kwa hoja hiyo yeye ni mhakiki mzuri kuliko wengi tunaolipwa kwa neno. Picha yenyewe haina maajabu: mtaro, ukingo wenye nepia, jembe, mabati ya jirani, na barabara inayopinda kushoto. Lakini ukiijua Iveti, utajua ni wapi.

Hiyo barabara naiweka makusudi. Barabara ya ndani inaeleza mpiga picha alifikaje na alisimama wapi. Ukingo wake uliokatwa unaonyesha udongo mwekundu na mizizi. Kalvati iliyozibwa inaonyesha kaunti ilifika lini mara ya mwisho. Na barabara inakuwezesha kurudi. Kwa hivyo nikihukumu picha ya vilima siku hizi, yangu ama ya mwingine, nina maswali matatu ya kawaida: mtu mwingine anaweza kusimama hapo tena? Naweza kujua ni lini? Kuna dalili yoyote ya aliyepafanya pawe hivyo? Picha inaweza kufeli yote na bado iwe nzuri. Ila basi tuiite pambo.

Mitandao mingi hufuta taarifa za mahali ukipakia picha, kwa hivyo andika mwenyewe: jina la kijiji, kalvati, kigingi, upande ulioelekea, tarehe. Usiandike mlango wa mtu. Weka ile picha asili mahali pasipopotea. Machimbo yanasonga, ploti zinakatwa, na siku moja kutakuwa na ubishi mwingine kuhusu nani aliharibu hivi vilima na nani alivitunza. Mwaka 1937 kamera zilikuwa upande mmoja tu wa ubishi huo. Leo kila mtu anayetembea kwenye hizo barabara ana moja mfukoni.