Nani alimtuma ajumlishe nne?

Thelathini na mbili jumlisha nne. Shughuli iliharibikia hapo, na vigelegele vyote vilivyofuata vilikuwa vya kusindikiza kosa.

Mliokuwepo kwenye kichen pati mliona, mliokosa mmetumiwa klipu, kwa hiyo habari za keki sirudii. Mpimaji wa sidiria aliyeletwa na duka alianza vizuri: futi kamba usawa mgongoni, mwali katoa pumzi, kisha kainama kidogo kwa kipimo cha kifua. Chini ya matiti inchi 32, kifua 38. Safi.

Halafu akatamka, "Kwenye mkanda huwa tunaongeza nne," akaandika 36. Toa 36 kwenye 38, zimebaki mbili, mbili ni B. Mwali akavishwa 36B juu ya blauzi yake ya kubana, kungwi akapiga makofi.

Hebu tupige hesabu taratibu, maana kosa hapa si moja. Kifua cha 38 juu ya mkanda wa 32 kina tofauti ya inchi sita, yaani E kwa vipimo vya Uingereza. Kikombe cha 36B kinabeba sawa na cha 32D. Kwa hiyo binti kapewa mkanda uliozidi inchi nne na kikombe kilichopungua ngazi mbili. Nyuma inapwaya, mbele inabana, na kwa kuwa watu wanaangalia mbele, ukumbi mzima uliamini imemkaa.

Haikumkaa. Aliponyanyuka kucheza na mama yake, mikono juu, mkanda wa nyuma ulipanda mpaka kwenye mafupa ya bega, waya ukaachia mbavu ukakalia titi lenyewe, na kwapani nyama ikachungulia. Mpimaji akafanya nini? Akakaza kamba za begani! Mzigo wa kifua unabebwa na mkanda, kamba zinasaidia tu. Ukizikaza unauvuta mkanda upande zaidi, na unachimba mabegani ile mitaro ambayo mama zetu wanaishi nayo wakidhani ni uzee.

Kuongeza nne kulikuwa na mantiki enzi za vitambaa visivyovutika. Sidiria ya leo ina lastiki mgongo mzima. Ukiijumlishia inchi unaipa nafasi ambayo tayari inayo. Na nimeshasema hapa, mtanisikia tena: hesabu hii inapendwa kwa sababu stoo zimejaa 34 na 36. Kampuni ya S. H. Camp ya Marekani ilianza na herufi A mpaka D mwaka 1932, na mpaka leo maduka yetu yanaamini alfabeti iliishia hapo.

Kabla TBS haijapiga marufuku nguo za ndani za mitumba, pale Karume kulikuwa na mama mmoja asiyejua futi kamba ni nini. Alikuwa anaingiza vidole viwili chini ya mkanda, mgongoni, anavuta. Mkanda ukimfuata mkono kirahisi, anaifungua sidiria mwenyewe: "Mwanangu, hii ya mwenzio." Kisha anachakura lundo, anashuka namba ya mkanda, anapanda herufi, na haachi mpaka aipate. Alinivisha hivyo nikiwa na miaka kumi na tisa, nyuma ya kanga aliyoishika dada yangu, na sijawahi kuvaa iliyonikaa vile kutoka duka lolote lenye kiyoyozi.

Mpimaji wetu alifunga kulabu ya nje kabisa, inavyotakiwa kwa sidiria mpya. Hilo nampa.

Mwali, nasikia umebeba tatu, zote 36B. Kama lebo hujakata, zirudishe ukaombe 32E, ikikosekana, 34DD. Wakianza tena kujumlisha, chukua mkoba wako uondoke.