Nani Aliyelipia Crash Course?

Watu wakizungumzia chaneli za video za elimu hupenda kuanzia kwenye kamera na taa. Mimi naanzia kwenye daftari la mapato, maana huko ndiko nyingi zinakofia. Crash Course ya Marekani inafaa kuchambuliwa kwa sababu moja: imebadilisha mlipaji zaidi ya mara moja, na kila badiliko lina sababu inayoonekana.

Ilianza Januari 2012. Waanzilishi wake, John na Hank Green, mtu na mdogo wake, walikuwa wakipandisha video YouTube tangu 2007, kwa hiyo watazamaji walikuwa nao. Fedha ndizo hawakuwa nazo. Oktoba 2011 YouTube ilitangaza mpango wa takriban dola milioni 100 kwa ajili ya chaneli mpya, na ndugu hao wakapata fungu lao. Haikuwa zawadi. Yalikuwa malipo ya awali ambayo YouTube ingejirudishia kupitia matangazo.

Tazama somo lao moja la historia ya dunia, tuseme lile la Wamongolia. John ndiye anayeonekana akizungumza, lakini miswada ya kozi ile aliiandika pamoja na Raoul Meyer, mwalimu aliyewahi kumfundisha historia sekondari. Kuna mwongozaji, Stan Muller, na kazi ya kurekodi Indianapolis. Kuna vibonzo vya Thought Café kutoka Kanada. Yote hayo kwa dakika kumi na kitu, na wote hao wanataka kulipwa kabla mwanafunzi wa kwanza hajabofya. Mwanafunzi mwenyewe atabofya lini? Mtihani ukikaribia. Mwakani atakuja mwingine, na mwaka unaofuata mwingine tena. Video ya umbea huchuma karibu fedha zake zote ndani ya wiki moja kisha ikasahaulika. Video ya somo hugharimu leo na kulipa kidogo kidogo kwa miaka. Ndiyo maana malipo ya awali yaliwafaa sana, pengine kuliko YouTube yenyewe ilivyotarajia. Hayakuongeza thamani ya somo hata kidogo, yaliziba tu pengo kati ya siku ya gharama na siku ya mapato.

Mpango ule haukudumu. Yakabaki matangazo, ambayo katika mapato yake YouTube hubakiza asilimia 45 na kumpa mwenye chaneli 55, na hayakutosha kubeba kikosi chote kile. Mwaka 2013 ndugu hao wakaanzisha Subbable: mtazamaji anachangia kila mwezi kiasi anachotaka, hata sifuri, na masomo yanabaki wazi kwa kila mtu.

Hapo ndipo penye uamuzi mkubwa kuliko yote, ingawa wachambuzi wengi huupita haraka. Anayelengwa na somo ni kijana wa miaka kumi na sita asiye na kadi ya benki. Ukiweka kufuli mlangoni umemfungia yeye. Kwa hiyo walimtenganisha anayelipa na anayesoma: mtu mzima mwenye mshahara anatoa dola zake chache ili mtoto asiyemjua apate somo. Ni mfumo mzuri, lakini unasimama juu ya hiari, na hiari haipendi usumbufu.

Usumbufu wa kwanza ulitoka Amazon. Subbable ilitumia huduma yake ya malipo, na Amazon ikaamua kuifunga mwaka 2015. Kila mchangiaji angelazimika kuingiza upya taarifa za kadi yake, na kila fomu mpya ni nafasi ya mtu kujiuliza kama bado anahitaji kuchangia. Mwaka huohuo Subbable ikauzwa kwa Patreon, jukwaa jingine la michango ya hiari.

Usumbufu wa pili ulitoka Patreon yenyewe. Desemba 2017 ilitangaza kwamba juu ya kila mchango, mchangiaji ataongezewa asilimia 2.9 na senti 35. Ile asilimia isingemuumiza mtu. Senti 35 ndizo zilizouma, kwa kuwa hazijali ukubwa wa mchango: mwenye dola 10 angelipa dola 10.64, mwenye dola 1 angelipa 1.38. Na si hilo tu. Awali, michango ya mtu mmoja ilijumlishwa na kadi ikakatwa kwa mkupuo. Sasa kila mchango ungebeba ada yake peke yake, kwa hiyo aliyekuwa akiwapa watu kumi dola moja moja angetoka dola 10 hadi dola 13.80. Watanzania waliopitia tozo za miamala ya simu mwaka 2021 hawahitaji kuelezwa zaidi.

Patreon ilikuwa na hoja: ilitaka mwenye chaneli ajue hasa atapokea nini, asilimia 95 ya mchango bila mshangao wa mwisho wa mwezi. Hoja ya haki, hesabu mbaya. Wachangiaji wa dola moja ndio walioanza kujitoa, na kwa chaneli ya elimu hao si wa pembeni. Haikupita wiki, mpango ukafutwa na kampuni ikaomba radhi.

Crash Course ilikwishajipanga kwa kuongeza mlipaji mwingine: kozi kadhaa zilitengenezwa kwa ushirikiano na kitengo cha video za mtandaoni cha PBS, shirika la televisheni ya umma la Marekani. Mwalimu anayeanza peke yake hana PBS. Januari 2018 YouTube iliweka sharti kwamba chaneli isipewe mapato ya matangazo mpaka iwe na wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Somo la dakika kumi likitazamwa nusu, mwalimu huyo anahitaji watu kulifungua mara 48,000 kwa mwaka kabla ya kuona senti ya kwanza ya matangazo, hata kama mada yake ni milinganyo ya kemia.