Vita Baada ya Vita: Kumsoma Gurnah Kyela

Ukiwa Kyela ukaelekea kusini, huendi mbali ila utaukuta mto Songwe, na ng'ambo yake ndiyo njia ya Karonga. Septemba 1914 majeshi ya Wajerumani yaliuvuka kwenda kupigana huko. Mei 1916 yale ya Waingereza, chini ya Northey, yakaja kuitwaa Tukuyu. Nyuma ya kila bunduki walikuwako wapagazi. Huko ndiko nilikoisoma tena *Afterlives*, riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 2020, inayohusu vita hivyo.

Atakayetafuta humo sifa za mapigano hatazipata. Hamza anajiunga na jeshi la Wajerumani kwa hiari, ofisa wake anamfunza Kijerumani ili apate kumsoma Schiller, kisha anakatwa upanga, wala si na adui, bali na Mjerumani wa upande wake mwenyewe. Baada ya hapo kitabu ni cha kupona: kuuguzwa misheni, kurudi mjini, kumuoa Afiya, na kulea mtoto anayepandwa na pepo kwa ajili ya mjomba aliyepotea.

Gurnah hakuviona vita vile. Alizaliwa Unguja mwaka 1948. Alichokiona, akiwa na miaka 15, ni Mapinduzi ya Januari 1964, kisha akahamia Uingereza. Kwa maoni yangu, siri ya riwaya imo humo. Aliyeona siku chache zikipindua maisha ya watu kwa miaka mingi hawezi kusadiki kwamba vita huisha silaha ziwekwapo chini. Jeraha la 1964 ndilo lililompa jicho la kuitazama 1914.

Hata hivyo, jicho hilo lina mpaka wake. Riwaya inamfuata askari. Mpagazi anabaki ndani ya umati. Novemba 1914, baada ya damu ya Karonga, John Chilembwe aliliandikia gazeti la Nyasaland akihoji kwa nini Waafrika wafe katika vita visivyo vyao. Barua ikazuiwa, Januari 1915 akaongoza uasi, akauawa. Swali lake lingali likingoja mtunzi.

Sisi wa pwani tumezoea tenzi zinazohesabu mashujaa. Gurnah ametufunza kuwahesabu waliorudi. Utenzi wa waliobeba mizigo wasirudi tunaudaiwa bado; anayeuweza na autunge.