Asili ya Kitenzi "schreiben" na Hoja ya Kukopa

Wapo wafasiri wenzetu wanaoshikilia kwamba lugha yenye nguvu hukopa nomino tu, wala haikopi vitenzi. Na wanapotafuta mfano hupenda kukitaja Kijerumani. Hoja hiyo haisimami. Kitenzi schreiben, yaani kuandika, kimetoka katika Kilatini, scribere, nacho kilikwisha kuingia katika Kijerumani cha Kale cha Juu kwa umbo la scrīban. Wala si kwamba lugha hiyo ilikosa neno lake. Ilikuwa na kitenzi cha asili chenye maana ya kukwaruza au kuchanja alama. Waingereza walikihifadhi wakapata write, na kwa Wajerumani wa leo ni reißen, "kurarua". (Maana ya kale imejificha katika Reißbrett, ubao wa kuchorea ramani, kama vile andika letu linavyohifadhi maana ya kupanga tunapoandika meza.)

Linalotuvutia zaidi ni jinsi mkopo huo ulivyonyambuliwa: schreiben, schrieb, geschrieben. Irabu hubadilika ndani ya shina kama katika vitenzi vya asili, hata ugeni wake hausikiki. Hapo ndipo tungependa wenzetu waelekeze kipimo chao: kitenzi kinapokea viambishi, au hakipokei? Fikiri, kilichotoka katika Kiarabu, hakikufika mbali hivyo, kwani twasema "afikiri" wala si "afikire". Hata hivyo kimezaa fikiria, fikirisha na fikirika, na hatujui mwalimu anayekifuta ubaoni.