Milima Nyuma ya Mona Lisa

Wageni wa jumba la Louvre hutazama midomo ya Mona Lisa. Anayechora kwa rangi za mafuta hutazama mabega, maana hapo ndipo pagumu: mtu aliye umbali wa hatua chache anakutana na milima iliyo mbali mno, na huoni mstari wa kumtenga nayo.

Leonardo da Vinci aliianza kazi hii Florence, mnamo 1503 hivi, juu ya ubao wa mpopla wenye kimo cha sentimita 77 na upana wa 53. Aliyechorwa ni Lisa Gherardini, mke wa mfanyabiashara Francesco del Giocondo. Mume hakukabidhiwa picha. Leonardo aliendelea kuigusagusa kwa miaka, akahamia nayo Ufaransa.

Alimuunganishaje mtu huyo na milima? Kwanza rangi. Kuanzia mabegani kushuka, mandhari ni ya udongo: hudhurungi, njia inayojipinda kushoto, daraja kulia. Kupanda juu, hudhurungi inapungua, buluu yenye ukijani inachukua nafasi, hadi vilele vya mwisho vinakaribia kupotelea angani. Kinachofanya kazi hapo ni hewa: kadiri inavyozidi kati ya jicho na mlima, ndivyo inavyotawanya mwanga wa buluu. Anayeelekea Morogoro kutokea Dar es Salaam huyaona hayo kwenye Uluguru, ambayo ni buluu kwa mbali na kijani ukiifikia. Leonardo aliiandika kanuni hiyo katika madaftari yake, kwamba buluu iongezwe kwa kadiri ya umbali.

Pili, udanganyifu. Funika kichwa cha mama huyo kwa kidole, kisha jaribu kuunganisha upeo wa kushoto na wa kulia. Haziungani, wa kushoto uko chini. Jicho likielekea kushoto, mama anaonekana kurefuka kidogo. Likirudi kulia, anashuka. Tena milima imechorwa kama inavyotazamwa kutoka juu, ilhali yeye tunamtazama ana kwa ana. Kwa mizani ya kawaida haya ni makosa, lakini nadhani ndiyo yanayomfanya asitulie machoni petu.

Tatu, kuhusu kingo zisizo na mstari, jibu liko kwenye unene wa rangi. Mwaka 2010 watafiti waliipima kwa eksirei bila kubandua hata chembe. Walikuta utando wa rangi angavu wenye unene wa mikrometa moja au mbili, umerudiwa juu ya mwingine, na jumla haipiti mikrometa 40 hivi, yaani milimita 0.04. Kivuli cha shavuni kimejengwa hivyo, pole pole, kwa sababu mafuta hayakauki haraka na utando mbichi huvurugwa na unaofuata. Mwanga nao Leonardo aliuchagua: alishauri sura za watu zichorwe jioni au siku ya mawingu, pasipo jua kali la kukata uso vipande viwili. Ulaini wa shavu na ukungu wa milimani ni kazi ya namna moja. Wachoraji wengi humaliza uso kwanza, ndipo waweke mlima nyuma kama pazia la studio ya picha, na matokeo yake yanafanana na pazia hilo.

Kipimo kizuri cha ustadi huo kiko Madrid. Jumba la Prado lina nakala iliyochorwa na mtu wa karakana ya Leonardo, juu ya ubao wa jozi. Kwa muda mrefu nyuma yake palikuwa peusi tu. Weusi huo ulipoondolewa, mwaka 2012 watu wakaoneshwa milima ileile. Picha za infraredi zilifichua pia kwamba masahihisho ya mwalimu yalifuatwa chini ya rangi, ishara kuwa kazi mbili zilikwenda sambamba. Vanishi ya picha ya Louvre imegeuka manjano na kuzima mengi. Madrid nyusi zinaonekana na mikono ya gauni ni myekundu. Kwa uangavu nakala inashinda. Ila ukingo wa shavu umechorwa kwa ukali, na mama anaonekana kabandikwa juu ya mandhari.