Mkasi wa John Heartfield

Julai 1932, Wajerumani wakikaribia kupiga kura, AIZ, gazeti la picha lililosomwa na wafanyakazi, lilichapisha picha ya Adolf Hitler akihutubia, mdomo wazi. Kifua chake kilionekana hadi ndani, kama kimepigwa eksirei. Uti wa mgongo ulikuwa sarafu zilizopangwa moja juu ya nyingine, na penye moyo palikaa swastika, nembo ya chama chake cha Nazi. Hata asiyejua kusoma angeelewa: mtu huyu anameza dhahabu na kutapika porojo.

Fundi wa picha hiyo alikuwa John Heartfield, mkomunisti wa Berlin. Alizaliwa Helmut Herzfeld mwaka 1891. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, chuki dhidi ya Waingereza ilipopamba moto, akajipa jina la Kiingereza makusudi.

Hasira dhidi ya Wanazi walikuwa nayo wengi. Heartfield aliiongezea uvumilivu wa fundi. Kazi zake aliziunda kwa vipande vya picha mbalimbali. Picha aliyoikosa magazetini aliagiza ipigwe upya, kwa mwanga na pembe aliyoitaka, ili vipande vioane. Kisha ukafuata mkasi, gundi, na rangi ya kufuta maungio. Wenzake wengi waliacha viraka vionekane, yeye alivificha. Kwa hiyo jicho huiamini picha kwanza, akili ikashtuka baadaye, na mshtuko huo ndio unaomuumbua mwongo.

Desemba 1935, akiwa uhamishoni Prague, alimjibu Göring, waziri wa Hitler, aliyehubiri kwamba chuma huimarisha dola ilhali siagi hunenepesha watu tu. Katika picha yake akaiketisha familia mezani, ukutani ikining'inia sura ya Hitler. Mmoja anatafuna kipande cha baiskeli, mtoto anaguguna shoka, mbwa analamba nati kubwa. Hakuna anayeshangaa, na ukali wote umo humo: wamekwisha kuzoea.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Hitler ilirefuka. Januari 1933 alishika madaraka. Aprili askari wa SS, kikosi cha Wanazi, walivamia nyumba ya Heartfield, naye akaruka kutoka roshani na kutorokea Czechoslovakia. Hata huko, mwaka 1934, ubalozi wa Ujerumani ulizilalamikia picha zake kwenye maonyesho, na baadhi zikaondolewa.

Mkasi haukuiangusha serikali hiyo. Lakini baada ya Vita Kuu ya Pili, Wajerumani wengi walipodai kwamba hawakujua, aliyenunua AIZ ya Julai 1932 hakuwa na pa kujificha: alionyeshwa mapema, tena kwa picha.